Mungu Aliyebanduka Shavu

Kwa miaka mitatu kasoro miezi michache Blandina Mbwambo alifuta vumbi la miungu tisa isiyo ya kwao, ndani ya nyumba ya mtu ambaye hakuwahi hata siku moja kumuuliza jina la ukoo wake. Hili naliweka mwanzoni kabisa ili anayesoma ajue hasira inaanzia wapi.

Miungu yenyewe ilikuwa vyungu. Vilipangwa kwenye rafu sebuleni kwa Mista Thackwell, juu huko Berea, mtaa wa kilimani mjini Durban, mkabala na dirisha lililokuwa wazi mchana kutwa. Vilitoka Peru, upande wa pili wa dunia. Watu walioitwa Wamoche walivifinyanga miaka kama elfu na mia tano iliyopita, wakavizika pamoja na wakubwa wao katika nchi ya mchanga mkavu ambako mvua ni hadithi. Huko vilikaa salama mpaka wakaja watu wenye sululu. Mista Thackwell, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye migodi ya Peru, alivinunua kwa watu hao, na habari hiyo aliwasimulia wageni wake huku anacheka, glasi mkononi, kama mtu anayesimulia alivyopata viatu vizuri mnadani. Blandina akipita na sinia alisikia. Kwao mtu anayeokota kitu kaburini hasalimiwi. Huyu wa Berea alipigiwa makofi.

Siku ya kwanza alipoviona, Agosti ya mwaka 1996, alidhani ni mabirika. Kila kimoja kilikuwa na mpini wa bomba uliopinda kama upinde, na juu ya upinde shingo moja ya kumiminia. Chini ya mpini ndipo penye sura. Mmoja nusu mtu nusu bundi. Mwingine kaa mwenye uso wa binadamu. Mkubwa wao, mwekundu wenye madoa ya rangi ya maziwa, alikuwa na macho ya duara, mikunjo ya mzee aliyeudhiwa, meno manne marefu yaliyotokeza nje ya midomo, na mshipi kiunoni ambao kila ncha yake ilikuwa kichwa cha nyoka. Wageni walimwita kwa jina la kitabuni. Blandina alimwita Meno.

“Umeamkaje, Meno?” ndivyo alivyomwambia kila asubuhi.

Si kwamba alimwabudu. Blandina ni Mkatoliki, tena wa kwaya, sauti ya pili. Alimwamkia kwa sababu alijua kwamba aliyemfinyanga alihangaika. Na hilo alilijua kwa kuwa yeye mwenyewe ni mfinyanzi.

Alizaliwa milima ya Upare, kaskazini ya Tanzania, katika ukoo ambao wanawake wake walifinyanga vyungu tangu zamani ambazo hakuna aliyezihesabu. Kule kazi hiyo ni ya wanawake peke yao. Vyungu vikipangwa kuchomwa, mwanamume hakaribii, hata awe padri. Akipita, wanasema, vitapasuka. Utotoni Blandina aliona hizo ni porojo za bibi zake. Baada ya kumfahamu Mista Thackwell alianza kulifikiria upya jambo hilo.

Kitu cha kwanza alichofundishwa na mama yake hakikuwa kufinyanga. Kilikuwa kulamba. Unachimba udongo, unachukua bonge dogo, unaliweka ulimini, unangoja. Udongo wa mlimani hauna neno, unalainika tu mdomoni. Wa chini tambarare, kule kwenye magadi, unakuuma ncha ya ulimi. Huo unautema na kuuacha hukohuko ulikoutoa. Maana chungu cha udongo wa chumvi ni kigeugeu. Kitatoka motoni kizuri, utakiuza, aliyekinunua atakitia maji, na baada ya wiki mbili kitaota unga mweupe. Chumvi imelala ndani. Ikipata maji inayeyuka na kutambaa mpaka kwenye ngozi ya chungu, na maji yakikauka inaganda, inavimba, inabandua ngozi. Kila ukilowesha na kukausha, kipande kingine kinaanguka. Mama yake alikuwa akisema chungu hicho kinalia, na dawa yake ni moja tu, kukiacha kikavu.

Blandina alifika Durban mwaka 1995, mjane wa miaka arobaini na sita, akiwa na vyungu kumi na viwili vilivyofungwa kwa majani makavu ya migomba. Alikuwa ameambiwa Afrika Kusini watu wana hela na hawana vyungu. Kweli hawakuwa navyo. Hakuna aliyemwambia kwamba hawavitaki. Na hata hivyo si vyote vilivyofika. Kwenye mpaka mmoja, sitautaja, askari alivunja vinne kwa rungu akitafuta kilichofichwa ndani, akakuta hewa. Vitano vilisagika chini ya mizigo ya wenzake garini. Vilivyobaki vitatu aliviingiza ghorofa ya kumi ya jengo moja la South Beach, kwenye chumba alichokaa pamoja na Laetitia, Mkongo wa Bukavu aliyesuka nywele katika saluni moja mjini. Viwili walivipandia mchicha barazani. Cha tatu walipikia maharage juu ya jiko la umeme, na Laetitia, aliyekuwa amekicheka sana siku ya kwanza, ndiye aliyekuwa akikilinda kwa ukali wageni wasikiguse.

Basi huyu ndiye mwanamke aliyekabidhiwa vyungu vya Thackwell, na aliyemkabidhi hakuwa na habari. Aliona ameajiri mikono ya kufagia.

Wiki ya kwanza, mwenye nyumba akiwa bustanini, Blandina alimgeuza Meno taratibu, akamlamba kitakoni, pale pasipo rangi. Ulimi ukauma. Akamlamba kaa, akamlamba bundi, akawamaliza wote tisa. Chumvi tupu. Mchanga waliozikwa ndani yake ulikuwa umewalisha chumvi karne kwa karne. Na hapohapo kitakoni kwa Meno aliona alama ya kidole gumba iliyobonyea kabla udongo haujakauka. Akaweka cha kwake juu yake. Kikaenea barabara. Alisimama pale muda mrefu na chungu mikononi, akasahau kwamba pasi ilikuwa inawaka jikoni.

Kuanzia siku hiyo hakuvigusa kwa kitambaa wala maji. Alitumia unyoya wa mkia wa jogoo, mkavu, alioupata kwa Mzulu mmoja muuza kuku karibu na stendi ya teksi.

Na alisema. Hilo watu walisikie vizuri, kwamba alisema mapema. Siku Mista Thackwell alipotoa chupa ya kupulizia maua na kuanza kuwanyunyizia miungu wake kabla wageni wa Ijumaa hawajafika, Blandina aliweka ndoo chini akamfuata. Alijua kwa nini anafanya vile. Udongo mkavu rangi yake hufifia, ukilowa rangi inaamka, nyekundu inakuwa nyekundu kweli. Huko Johannesburg alikoishi zamani, kukavu, bila wageni, hakuwa na haja hiyo. Lakini Durban alikuwa mstaafu mwenye marafiki wa kuwaringia kila Ijumaa.

“Mista Thackwell,” alimwambia kwa Kiingereza chake cha kujifunzia kazini, “usivitie maji. Vina chumvi ndani. Vitabanduka.”

Mzee alimtazama kwa upole, upole ule wa kumtazama mtoto aliyeuliza kwa nini mwezi hauanguki.

“Blandina,” akasema, “wewe futa vumbi. Kufikiri niachie mimi.”

Akaendelea kunyunyizia. Blandina akarudi kwenye ndoo yake, uso umemwiva kwa hasira, akasugua sakafu ya jikoni mpaka hapakubaki pa kusugua. Alimwambia tena mwaka uliofuata. Mara ya tatu alimwonyesha unga mweupe uliojitokeza chini ya mbawa za bundi, akaambiwa ni vumbi, na kwamba kama ni vumbi basi ni uzembe wa nani?

Vyungu vikaanza kulia. Kwanza unga, halafu vipele vidogo, halafu rangi ikainuka kama ganda la kidonda. Blandina aliokota vigamba kwenye rafu kwa ncha ya unyoya, akavihifadhi kwenye kopo la chai, kila chungu na karatasi yake. Kilichomtia uchungu hakikuwa mali ya Thackwell. Ni yule mwenye kidole gumba. Mtu alichimba, akakanda, akafinya nusu mbili ndani ya kalibu na kuziunganisha, akasugua kwa kokoto mpaka pakang'aa, akachoma akiwa na wasiwasi kama wafinyanzi wote wanavyochoma. Kazi yake ikakaa miaka elfu na mia tano ardhini bila dosari. Ikaja kuharibika miaka mitatu Berea, kwa chupa ya maua.

Ijumaa moja ya Mei 1999 shavu la Meno lilidondoka. Wageni walikuwa wamekaa, kama kumi hivi, wanakula samaki. Mama mmoja mwenye shanga alisimama kumwangalia mungu kwa karibu, akapiga ukelele. Kipande cha ukubwa wa kucha, chenye mkunjo wote wa shavu la kushoto, kilikuwa kimeanguka kwenye rafu. Palipobaki palikuwa peupe, pamejaa chembechembe.

Blandina alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya viazi. Alimwona Mista Thackwell anageuka mwekundu. Aliona macho yake yanaikimbilia chupa ya maua iliyokuwa dirishani, yakaiona, yakaikwepa. Halafu yakaja kwake.

“Ni msichana wangu,” mzee akawaambia wageni. “Anavisugua na sabuni ya unga. Nimemkataza mara ngapi!”

Nyumba nzima ikamgeukia Blandina. Sinia ilikuwa nzito lakini hakuiweka chini.

“Si mimi,” akasema. “Sijawahi kutia sabuni. Ni chumvi. Nilikwambia ni chumvi.”

“Chumvi!” akasema bwana mmoja mwenye ndevu. “Kwani alikipikia supu?”

Wakacheka. Walicheka wote kumi, na Mista Thackwell akacheka pamoja nao, kicheko cha mtu aliyepona. Katika maisha yake Blandina alikwisha kutukanwa, alikwisha kusukumwa kwenye foleni, aliwahi kuitwa mwizi wa kazi za watu akiwa kasimama tu kwenye robot, taa za barabarani, anangoja kuvuka. Hakuna kilichomwingia kama kicheko kile. Mfinyanzi kuambiwa hajui chungu, na anayemwambia ni mharibifu mwenyewe! Aliweka viazi mezani kwa adabu, akarudi jikoni, akauma kitambaa cha vyombo ili asipige kelele.

Jumatatu alifukuzwa. Alichukua unyoya wake. Kopo la vigamba alimwachia kabatini, na akamwambia liko wapi, maana si yeye wa kumkomoa Meno.

Kufukuzwa kungekuwa na mwisho wake. Lakini Mista Thackwell alikuwa na simu. Akina mama wa Berea wana namna yao, kabla hawajamwajiri mtu wanampigia aliyemwajiri jana. Siku za Alhamisi mchana Blandina alikuwa akifanya kazi nyumba nyingine, barabara ya pili, na Alhamisi hiyo mama wa pale alimkuta getini akamwambia samahani, hatuna kazi tena. Alibisha nyumba ya tatu, yenye geti jeusi. Mwenye nyumba akampokea vizuri, akamwambia arudi kesho. Kesho yake hakufunguliwa. Ya nne walimwambia waziwazi kupitia upenyo wa mlango uliozuiwa kwa mnyororo: “Wewe ndiye uliyeharibu vile vitu vya kale?” Wiki sita zilipita. Kilima chote kilimjua, na kilimjua kwa uongo.

Akawa anafua taulo kwenye saluni ya kina Laetitia na kufagia nywele.

“Yaya,” yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao Kongo, Laetitia alimwambia siku moja, mikono yake imezama kwenye kichwa cha mteja, “ule muzee iko muongo. Muongo kabisa, vraiment. Lakini achana naye. Durban iko kubwa. Utapata kazi ingine.”

“Sitaki kazi nyingine, mdogo wangu.”

“Unataka nini sasa?”

“Jina langu,” akasema Blandina. “Wameniandika mharibu vyungu. Mimi! Ningeitwa mchawi ningenyamaza, lakini si hilo.”

Mteja, aliyekuwa Mkongo pia, akageuza shingo amwone huyu mama mwenye hasira za vyungu. Laetitia akamrudisha kichwa mahali pake.

Mwanzoni mwa Julai simu ya saluni, ambayo namba yake Blandina aliiacha Berea alipoajiriwa, ililia ikamtaka yeye. Alikuwa Mista Thackwell. Sauti yake ilikuwa ya haraka. Amemwita mtaalamu wa kutibu vyungu vya kale, mama wa kutoka Peru aliyekuja kwenye mkutano, naye ameandika kwamba hataanza kazi bila kuonana na mtu aliyekuwa akivisafisha. Anataka kujua kilitumika nini. Basi Blandina aje kesho saa nne, na aje na ile sabuni yake.

“Sabuni gani?” akauliza Blandina, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

“Usiende!” Laetitia akasema. “Atakuitia polisi pale. Hapana enda, yaya. Eish!”

Blandina alikwenda. Alivaa gauni la kwaya, lile la bluu lenye kola nyeupe, akaufunga unyoya ndani ya gazeti.

Mtaalamu aliitwa Rosaura Llontop. Alikuwa mama mfupi wa makamo, mweusi wa jua, nywele zimebanwa kisogoni kwa kalamu. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama cha Blandina, ila kibovu kwa upande wake mwingine, hivyo wote wawili walisema polepole na kuelewana vizuri sana. Vyungu tisa vilikuwa mezani juu ya blanketi. Meno alikuwa amezidi. Shavu la pili lilikuwa limeinuka, na nyoka mmoja wa mshipi hakuwa na jicho.

“Mwambie,” akasema Mista Thackwell, amesimama nyuma ya kiti chake. “Mwambie ulitumia nini. Hakuna atakayekufanya kitu.”

Blandina alifunua gazeti akaweka unyoya mezani.

Bibi Llontop aliuokota, akaupitisha kwenye kiganja chake, akatazama juu. “Unyoya tu?”

“Unyoya tu.”

“Kwa nini si maji? Kila mtu anatumia maji.”

“Kwa sababu nilivionja,” akasema Blandina.

Mista Thackwell akatoa sauti puani. “Unaona, Madam, nilikwambia huyu—”

“Nyamaza kidogo,” akasema Bibi Llontop, bila kumwangalia. “Ulivionja vipi?”

Maneno ya Kiingereza yalimwishia Blandina hapo, kwa hiyo alifanya. Alimchukua Meno kwa mikono miwili, mmoja chini mmoja mgongoni, kama wanavyobeba vyungu vibichi kwao, akamgeuza, akalamba kitako. Mista Thackwell alipiga ukelele uliozidi ule wa mama wa shanga. Blandina akamweka Meno chini, akaugusa ulimi wake kwa kidole, akaonyesha ncha. “Hapa. Inauma. Mama yangu ni mfinyanzi, mimi ni mfinyanzi. Udongo wa chumvi ukilowa na kukauka, unabanduka. Nilimwambia mwaka wa kwanza. Nilimwambia mara tatu.”

Bibi Llontop alimvuta Meno kwake, akamgeuza vilevile, mkono mmoja chini mmoja mgongoni, akatoa ulimi akalamba. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekutana na wa nyumbani ugenini.

“Bibi yangu,” akasema, “naye alilamba. Alifinyanga mitungi ya maji. Shuleni walinifundisha mashine, lakini ulimi ndio wa kwanza.” Kisha akamgeukia mwenye nyumba, na kicheko kikawa kimekwisha. “Sabuni hakuna hapa, señor. Ni chumvi na maji. Maji kidogo, mara nyingi, kwa miaka. Nani alivinyunyizia?”

Chupa ya maua ilikuwa palepale dirishani, nusu imejaa, na wote watatu waliitazama.

“Nilitaka rangi zionekane,” akasema Mista Thackwell hatimaye.

“Zilikuwa zinaonekana,” akasema Bibi Llontop. “Pale mlipovifukua.”

Blandina alidhani atafurahi. Alikuwa ameingoja saa hiyo wiki sita, akiiota juu ya taulo za saluni. Badala yake hasira ilipanda upya, kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu aliona ni rahisi kiasi gani. Maneno yaleyale aliyoyasema yeye mwaka 1996, yamesemwa na mwingine mwenye cheti, na mzee ameyaamini kabla hayajafika chini. Chumvi ilikuwa chumvi siku zote. Aliyekosekana alikuwa wa kuaminiwa.

Bibi Llontop alieleza kitakachofanyika. Vyungu viondolewe dirishani, viwekwe mahali pakavu pasipobadilika. Mtu avitazame kila siku, aokote kila kigamba kwa unyoya. Yeye atarudi baada ya miezi mitatu kuvibandika. “Vigamba vya zamani vilitupwa, nadhani,” akasema kwa huzuni.

“Viko kwenye kopo la chai,” akasema Blandina. “Kabati la jikoni, rafu ya juu. Kila chungu na karatasi yake.”

Bibi Llontop akamwambia Mista Thackwell kwamba yeye hatatia mkono kwenye vyungu hivi kama huyu mama hayupo. Kama hawezi kumrudisha, amtafute mtaalamu mwingine. Akachukua mkoba wake akaenda jikoni kutafuta kopo.

Walibaki wawili, na miungu. Mista Thackwell akajikohoza, akapangusa miwani, akaivaa. Alipozungumza ilikuwa kwa furaha ndogo, kama mtu aliyekuta mwavuli wake aliodhani umepotea.

“Basi, Blandina! Yamekwisha salama. Uje Jumatatu, saa moja na nusu kama kawaida.”

Yamekwisha salama. Blandina alimtazama Meno na shavu lake jeupe. Angeweza kuondoka. Angefika chini kwa teksi ya kwanza, akamwachia mzee chumvi yake. Lakini Meno hakumkosea, wala mwenye kidole gumba hakumkosea. Na akiondoka, Berea itaendelea kumjua kama ilivyomjua.

Alivuta kiti cha mkono kilichokuwa karibu na simu, kile cha kijani alichokifuta miaka mitatu bila kukikalia, akakaa.

“Leta daftari lako la simu,” akasema.

“Samahani?”

“Uliwapigia watu, ukawaambia nimeharibu vyungu kwa sabuni. Wapigie tena. Waambie kweli. Mama wa Alhamisi. Mama wa geti jeusi. Yule wa shanga. Bwana wa supu. Wote. Mimi nimekaa hapa, nasikiliza.”

Mista Thackwell alisema kwamba hayo ni mambo ya kitoto. Blandina akaendelea kukaa. Alisema ataandika barua nzuri ya kumsifu, kwamba ni mwaminifu na anawahi kazini. Blandina akasema barua itakaa kwenye mkoba wake, uongo uko kwenye masikio yao. Mzee akatazama mlango wa jikoni, ambako Bibi Llontop alisikika anafungua kopo na kusema kitu kwa Kihispania kwa mshangao. Akaleta daftari.

Akapiga namba ya kwanza. Blandina hakumwonea huruma hata chembe.

“Halo? Thackwell hapa,” akasema. “Ndiyo, mzima. Sikiliza, kumetokea kutoelewana kidogo kuhusu yule msichana wangu—”

Blandina alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe. Simu ikakatika.

“Nina miaka hamsini,” akasema. “Si msichana, wala si wako. Na hakukutokea kutoelewana. Ulinyunyizia maji ukanisingizia. Nina jina. Anza upya.”

Mzee alibaki na mkonga wa simu sikioni, unalia tuu, tuu. Rangi ikampanda kutoka shingoni mpaka kwenye upara, na Blandina akaona kitu ambacho hakukitegemea kabisa. Haikuwa hasira. Mtu alikuwa anatafuta jambo kichwani mwake na halioni.

“Blandina,” akasema kwa sauti ndogo. “Blandina nani?”

“Mbwambo.”

“Mba—”

“Mbwambo. Liseme mpaka liwe sawa, ndipo upige.”

Alilisema mara nne. Mara ya nne likawa karibu na sawa. Akapiga tena namba ileile, akashusha pumzi, akaanza. “Ni kuhusu Blandina Mbwambo. Hakutumia sabuni. Hakuharibu kitu chochote. Vina chumvi, na maji nilitia mimi. Aliniambia, sikumsikiliza.” Akasikiliza upande wa pili. “Ndiyo. Mimi mwenyewe.”

Akaweka simu chini.

Blandina akalichukua daftari, akaliweka mapajani kwake, akafunua ukurasa, akaweka kidole gumba kwenye jina la pili.

“Huyu,” akasema.